Kusafirisha viungo nje kutoka Tanzania: maswali mnayotuuliza kila siku kuhusu makaratasi na hatua zake

Haya maswali yanatoka kwa watu wanaotupigia simu, wengi wakulima na wachuuzi wa viungo kutoka Muheza, Morogoro na Same ambao wamepata mnunuzi wa nje kwa mara ya kwanza na hawajui washike wapi. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu kwenye simu. Mfano tunaoutumia sehemu kubwa ni kontena moja la futi 20 la pilipili manga, ila ukiwa na mdalasini, iliki, tangawizi kavu au manjano mambo ni yaleyale kwa asilimia kubwa. Na tuseme mapema, mizigo mingi tuliyoiona ikikwama haikukwama kwa sababu bidhaa ni mbaya, ilikwama kwa sababu karatasi moja inasema hivi na nyingine inasema vile.

Nina mzigo stoo na nina mnunuzi, naanzia wapi?

Anzia kwa mnunuzi, sio TRA wala bandarini. Kabla hujashona gunia hata moja muombe akuandikie, sio akwambie kwa simu, akuandikie jina kamili la kampuni yake kama lilivyo kwenye usajili wa kwao, anwani, bandari ya kushushia, vyeti anavyotaka, vipimo vya maabara anavyotaka, aina ya mfuko, maneno ya kuandikwa kwenye mfuko, na kama nchi yake inadai kibali cha kuingiza basi akutumie nakala yake. Kibali hicho ndio kinasema masharti, na vyeti vya huku vinatolewa kwa kufuata masharti ya kule. Watu wengi wanafanya kinyume, wanakata vyeti vyote halafu ndio wanamuuliza mnunuzi, wanakuta kuna tamko lilitakiwa kwenye cheti na halipo, wanaanza upya na hela imeshatoka.

Lazima niwe na kampuni?

Sio lazima iwe kampuni ya limited, jina la biashara lililosajiliwa BRELA linaweza kukuanzisha, pamoja na TIN ya biashara, leseni ya biashara inayoendana na kuuza nje, na akaunti ya benki ya dola yenye jina hilohilo. Narudia, jina hilohilo. Ukiandika invoisi kwa jina la biashara halafu akaunti ni yako binafsi, benki ya mnunuzi itauliza na mnunuzi mwenyewe ataingiwa na wasiwasi. Ukikua kidogo fungua kampuni maana wanunuzi wakubwa wa Ulaya wanafanya uchunguzi kabla ya kusaini.

VAT je? Nitatozwa kwenye mzigo wa nje?

Bidhaa inayouzwa nje inatozwa VAT kwa kiwango cha sifuri. Kujisajili ni lazima mauzo yako ya mwaka yakifika shilingi milioni 200 (kabla ya 2023 ilikuwa milioni 100). Faida ya kusajiliwa ni kwamba VAT uliyolipa kwenye mifuko, usafiri na huduma nyingine unaweza kuidai, lakini TRA watataka ushahidi kwamba mzigo kweli umetoka nchini, kwahiyo tunza karatasi zote za forodha na za meli, usimwachie wakala faili lote.

Nitajie karatasi zote kwa pamoja basi.

Kwa kontena la viungo: mkataba au oda ya mnunuzi, invoisi ya biashara, pakingi listi, cheti cha afya ya mimea ambacho wengi wanakiita fito, cheti cha uasilia, cheti cha fyumigesheni (kupiga mzigo dawa ya gesi ya kuua wadudu) kama mnunuzi anataka, majibu ya maabara, tamko la forodha, tamko la uzito wa kontena ambalo linaitwa VGM, na bili ya shehena ya meli ambayo kila mtu anaiita BL. Kama wewe ndio unalipia bima kuna hati ya bima pia. Na kwa vyakula baadhi ya wanunuzi wanataka cheti cha kipimo cha mionzi, hicho ni cha TAEC, tume ya nguvu za atomiki, muulize mnunuzi mapema.

Invoisi na pakingi listi mbona ni karatasi rahisi tu, natengeneza mwenyewe?

Ndio unatengeneza mwenyewe na hapo ndipo makosa mengi yanazaliwa. Tukupe mfano wa namba kabisa. Una magunia 260, kila gunia lina pilipili kilo 50, gunia tupu lina gramu 200. Uzito halisi wa pilipili ni kilo 13,000, uzito pamoja na magunia ni kilo 13,052. Sasa invoisi umeandika 13,000 bila kusema ni uzito gani, mkaguzi wa mimea amekuta 13,052 akaandika hiyo, cheti cha uasilia kimeandikwa "tani 13", na BL ina 13,052. Wewe unajua ni kitu kimoja, ila afisa wa forodha wa kule hakujui, anaona nyaraka nne zenye namba tatu. Kama malipo ni kwa LC, yaani benki ya mnunuzi imeahidi kukulipa ukileta nyaraka kamili, benki inaweza kukataa nyaraka na mnunuzi akapata upenyo wa kukuomba punguzo huku mzigo wako umeshafika. Dawa yake ni nyepesi, kila karatasi iandikwe uzito wote miwili, wa bidhaa na wa jumla, na idadi ya magunia, na jina la bidhaa liandikwe kwa maneno yaleyale kila mahali.

Sisi tunafanya hivi: tunatengeneza ukurasa mmoja wenye jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bidhaa, jina la kisayansi, HS kodi, idadi, uzito miwili, bandari ya kupakia na ya kushusha, namba ya oda. Kila anayetoa karatasi tunampa huo ukurasa, na karatasi ikitoka tunaweka mbili pembeni kwa pembeni tunasoma herufi kwa herufi kwa sauti, mmoja anasoma mwingine anafuatilia kwa kidole. Inachukua nusu saa.

HS kodi ndio nini na naipata wapi?

Ni namba ya kuitambulisha bidhaa forodhani dunia nzima. Tarakimu 6 za kwanza ni zilezile kila nchi, halafu kila ukanda unaongeza zake, sisi Afrika Mashariki tunatumia 8. Pilipili manga nzima iko 0904.11, ikisagwa inahamia 0904.12. Mdalasini uko 0906, karafuu 0907, iliki nzima 0908.31, tangawizi ambayo haijasagwa 0910.11, manjano 0910.30. Umeona kusaga tu kunabadilisha namba, na namba ikibadilika ushuru wa kule unaweza kubadilika na masharti pia. Muulize mnunuzi anatumia namba ipi upande wake, zile 6 za mwanzo zifanane na zako.

Fito inatoka wapi na inachukuliwa lini?

Tanzania Bara inatoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Mkaguzi anaangalia mzigo kama una wadudu, udongo, mbegu za magugu, ukungu. Kwahiyo mzigo uwe umeshapepetwa, umechambuliwa na kukauka kabla hajafika, usimwite mkaguzi aje kuona pilipili yenye vijiti na mawe. Cheti lazima kitoke kabla meli haijaondoka. Na kina sehemu ya jina la kisayansi, pilipili manga ni *Piper nigrum*, iliki ni *Elettaria cardamomum*, hakikisha limeandikwa sawasawa.

Kuhusu fyumigesheni, usipige dawa kwa mazoea. Kuna wanunuzi wanaitaka, kuna wengine hasa wa bidhaa za ogani ambao ukipiga dawa ile ya gesi umeshauharibu mzigo wao. Uliza aina ya dawa anayoikubali na uipate kwa maandishi.

Tunaambiwa vipimo vya sumukuvu ni lazima, kwani pilipili inahusikaje?

Inahusika sana na tunaomba mlichukulie hili kwa uzito, maana ni chakula cha watu. Sumukuvu inatokana na ukungu, na ukungu unaingia mzigo ukianikwa chini kwenye udongo, ukinyeshewa, au ukifungwa kabla haujakauka. Ulaya kwa pilipili manga, pilipili kali, tangawizi, manjano na kungumanga kikomo cha sumukuvu aina ya B1 ni maikrogramu 5 kwa kilo, na jumla ya aina zote ni 10. Ni kiasi kidogo mno, magunia mawili mabovu yakichanganywa na mazuri yanatosha kuangusha kontena zima. Sio Ulaya tu, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu, siku chache baadae wakaruhusu kwa masharti ya cheti kinachoonyesha kiwango kiko chini ya kikomo.

Tofauti na hilo Ulaya wanapima mabaki ya viuatilifu na bakteria wa salmonela. Pilipili iliyoanikwa chini ambapo kuku wanapita ndio inayoleta salmonela, tumeona kwa macho yetu mahali kuku wanalala juu ya turubai la pilipili. Anika kwenye vichanja vya juu. Na unyevu, wanunuzi wengi wa pilipili manga wanataka usizidi asilimia 12 hadi 13, nunua kipima unyevu chako mwenyewe hata cha pamoja kwenye kikundi, usitegemee kuuma kwa meno.

Sampo ya maabara ichotwe kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini. Usichote gunia zuri moja, majibu yatakuja mazuri lakini kontena litafeli kule na gharama ya kurudisha au kuteketeza ni yako.

Cheti cha uasilia kina faida gani?

Kinathibitisha bidhaa ni ya Tanzania, na huku Bara kinatolewa na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na kilimo. Faida yake ni ushuru, kwa sababu kuna masoko yanatupa punguzo au msamaha kabisa. Mfano mzuri ni asali: Umoja wa Ulaya unatoza asilimia 17.3 kwa nchi zisizo na makubaliano, lakini Tanzania kwa kuwa iko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni inaingia bila ushuru. Kwa Ulaya uthibitisho wenyewe ni tamko la uasilia analoandika muuzaji kwenye invoisi, na mzigo ukizidi thamani ya yuro 6,000 muuzaji awe amesajiliwa kwenye mfumo unaoitwa REX. Afrika Mashariki na SADC kila upande una fomu yake, usichanganye. COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, sisi sio wanachama tangu 2000, kwahiyo mtu akikuuzia wazo la fomu ya COMESA kwa mzigo wa Tanzania achana nae.

FOB, CIF, EXW, mnunuzi ananiuliza bei ipi, nijibuje?

Usijibu kwa haraka. Hizo herufi zinasema nani analipia nini na hatari inahama wapi, toleo linalotumika sasa ni la 2020 na lina masharti 11. Kwa kifupi, EXW mnunuzi anachukua mzigo stoo kwako. FOB wewe unabeba gharama mpaka mzigo uko melini Dar, nauli ya meli ni yake. CIF unalipia pia nauli na bima mpaka bandari ya kule, lakini hatari inahama palepale mzigo unapopakiwa melini, hapa wengi wanachanganyikiwa, wanadhani kwa sababu wamelipa nauli basi mzigo ukizama ni hasara yao. Ndio maana bima ipo, na kwa CIF isipungue asilimia 110 ya thamani ya invoisi.

Ushauri wetu kwa anayeanza ni FOB, au FCA, yaani unamkabidhi mzigo msafirishaji aliyechaguliwa na mnunuzi mahali mlipokubaliana, ambayo kwa kontena ndio inafaa zaidi. EXW inaonekana tamu kwa sababu hufanyi kitu, ila makaratasi ya forodha ya kutoka bado yatarudi kwako kwa sababu muuzaji wa Tanzania ni wewe. Na DDP, ile ya kulipa mpaka ushuru wa nchi yake, ikimbie kabisa kama huna mtu wako kule.

Naweza kufanya forodha mwenyewe bila wakala?

Tamko la forodha linaingizwa kwenye mfumo wa TRA na wakala mwenye leseni, kwahiyo utamhitaji. Chagua mwenye leseni hai, na muombe mchanganuo wa gharama kwa maandishi kabla: ada yake, ada za bandari, usafiri wa kontena tupu kuja stoo na kurudi bandarini, shipping lain (kampuni ya meli), vyeti. Mtu akikwambia "leta milioni kadhaa nitamaliza kila kitu" muombe risiti za kila ofisi. Mwisho wa kazi akupe nakala za kila kitu.

Kupakia kontena kuna utaalamu gani?

Kuna kazi kubwa hapa na watu wanaiachia vibarua. Kontena tupu likifika ingia ndani, mwambie mtu afunge milango, kaa gizani dakika mbili uangalie kama kuna tundu linaloingiza mwanga. Nusa. Likinuka samaki, dizeli au kemikali likatae palepale, pilipili inavuta harufu na hautaitoa tena. Angalia sakafu kama imelowa.

Halafu tandika karatasi nzito za kaki sakafuni na kwenye kuta, ning'iniza mifuko ya kunyonya unyevu. Sababu ni kwamba kontena likitoka kwenye joto la Dar likienda sehemu ya baridi, mvuke unaganda kwenye bati la juu na kudondoka kama mvua juu ya magunia, kontena likifunguliwa kule unakuta safu ya juu yote ina ukungu wakati chini ni nzima. Kama unatumia palleti za mbao ziwe zimetibiwa kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 na zina ule muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, zisizo na muhuri zinaweza kuzuia mzigo mzima.

Piga picha: kontena tupu, nusu, limejaa, mlango mmoja umefungwa, yote miwili, namba ya kontena na namba ya sili zionekane vizuri. Hesabu magunia kwa tali ya watu wawili, mmoja ndani mmoja nje.

VGM ni uzito uliothibitishwa wa kontena na kilichomo, tangu Julai 2016 meli hairuhusiwi kupakia kontena bila huo uzito. Kwa mfano wetu ni kilo 13,052 za mzigo, plasi uzito wa kontena lenyewe ulioandikwa mlangoni, plasi karatasi na mifuko ya unyevu na palleti kama zipo.

BL ina nini cha ajabu mpaka watu wanaiogopa?

Kwa sababu BL ile ya orijino inayoandikwa kwa oda ndio umiliki wa mzigo. Kawaida zinatoka orijino 3, na kule mwenye moja tu anaweza kutoa mzigo. Ukizituma zote kwa mnunuzi kabla hajalipa, umempa mzigo. Shipping lain watakutumia rasimu kabla ya kutoa orijino, hiyo rasimu ndio nafasi yako ya mwisho ya kurekebisha bure. Sisi mwaka wa kwanza tuliipitisha rasimu usiku kwenye simu ndogo, jina la mnunuzi lilikosa neno moja la mwisho, tukaja kugundua meli imeshaondoka. Kurekebisha tulilipa, kontena likakaa bandari ya kule siku tisa likila demareji, yaani tozo ya kuchelewa kulitoa, na faida yote ya ule mzigo ikaishia hapo. Iprinti rasimu. Isome na kalamu mkononi.

Kwa ndege ni tofauti, ile hati ya ndege sio umiliki, mzigo anapewa aliyeandikwa. Kwahiyo kwa ndege chukua hela yote kabla, au mwandike mpokeaji awe benki yake kama benki imekubali.

Malipo salama ni yapi?

Salama kuliko yote ni kulipwa yote kabla, wachache wanakubali. Kinachotokea sana ni asilimia 30 mwanzoni na 70 mnunuzi akionyeshwa nakala ya BL, ndio unatuma orijino. Hakikisha ile 30 inatosha kurudisha mzigo au kuuzia mtu mwingine akikimbia. Njia ya pili nyaraka zinapita benki, benki ya kule inampa akilipa tu. Ya tatu ni LC, benki yake inaahidi kukulipa ukileta nyaraka kamili kama ilivyoandikwa. LC ni nzuri kwa mzigo mkubwa lakini haisamehi herufi, na kwa kanuni za UCP 600, zile za kimataifa ambazo mabenki yanazifuata kwenye LC, orijino za usafirishaji ziwasilishwe ndani ya siku 21 baada ya kupakia, LC yenyewe inaweza kusema chini ya hapo. Soma LC siku ileile inapofika, kama kuna sharti huliwezi omba irekebishwe kabla ya kupakia.

Na matapeli. Mnunuzi anayekutaka ulipe "ada ya usajili wa muuzaji" kwanza ni tapeli. Barua pepe inayosema akaunti imebadilika, piga simu kwa namba ya zamani uhakikishe, na mwambie mnunuzi wako nae afanye hivyohivyo kwa upande wako kwa sababu wezi wanaingia katikati ya mazungumzo.

Nina kilo 200 tu, kuna njia?

Ipo. Mzigo wa kuchangia kontena na wengine, au ndege. Vyeti ni vilevile kwahiyo gharama kwa kilo inakuwa kubwa, piga hesabu kabla. Kwenye kuchangia kontena uliza mzigo wako unakaa na nini, viungo na sabuni havikai pamoja. Hata sampo ya kilo moja kwa kurier kwenda Ulaya inaweza kudaiwa fito, usiitume kama zawadi.

Nauza Kenya au Uganda, nayo ni hivihivi?

Nyepesi kidogo. Bidhaa yenye asili ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha, na kama mzigo hauzidi dola 2,000 na bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa kuna cheti cha uasilia kilichorahisishwa unakipata mpakani, Namanga, Holili, Horohoro na kwingineko. Fito bado inahitajika. Pita mpakani rasmi, mama zetu wengi wanapitishwa vichochoroni kwa kuambiwa ni rahisi halafu wananyang'anywa mzigo wote.

Karafuu za Zanzibar naweza kununua kwa mkulima nikasafirisha?

Hapana. Karafuu za Zanzibar zinanunuliwa na ZSTC, shirika la serikali, kuzitorosha ni kosa. Viungo vingine vya huko unaweza, ila Zanzibar wana taasisi zao za usajili, kodi, viwango na ukaguzi wa mimea, utaratibu wa Bara usiuhamishe kama ulivyo.

Meli imeondoka, kazi yangu imeisha?

Bado. Siku hiyohiyo mtumie mnunuzi skani za nyaraka zote, jina la meli, namba ya kontena na tarehe ya kufika, aanze maandalizi ya forodha ya kwake. Fuatilia kontena kwenye tovuti ya shipping lain, likishushwa bandari ya katikati na kukaa mno piga simu. Yeye akilipa peleka orijino kwa kurier yenye namba ya kufuatilia, au kama mmekubaliana waambie shipping lain waachie mzigo bila orijino kupelekwa kule, ukishaona hela imeingia kwenye akaunti yako, sio ukishaona picha ya risiti ya benki. Kontena likifunguliwa muombe picha za magunia ya juu karibu na mlango. Yakiwa makavu, muulize oda ya pili anaitaka lini.